Tulivyomdukua Binamu wa Maskati

Mjomba alipokuja likizo kutoka Maskati alituletea halua, mashuka mawili, na kitu cheusi mfano wa miwani ya kuzamia. Ukikivaa usoni, alisema, unaingia ndani ya gemu mzima mzima. Kilikuwa cha mwanawe. Amenunua kipya, hiki akatutupia sie wa Pemba kama mtu anavyotoa suruali iliyombana. Lakini alikitoa na kufuli lake. Ukikiwasha kinadai namba ya siri, na kila nikimwandikia binamu kuiomba, ananijibu kwa picha ya kidole gumba.

Wiki tatu za kidole gumba! Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasubiri matokeo ya kidato cha sita kwa bibi yangu, Gombani, sina kazi ila kukuna nazi na kuudhika. Shoga yangu, mtoto wa nyumba ya pili, alikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu na kiburi cha miaka kumi. Nikampelekea.

“Hii haivunjwi kwa kompyuta,” alisema baada ya kukigeuzageuza. “Inavunjwa kwa mdomo.”

Tukaazima simu ya kaka yake, ambayo namba yake binamu haijui. Shoga yangu akabana pua, akapiga, na kwa Kiingereza cha redioni akajitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja wa kampuni ya gemu. Mimi nimejikunyata pembeni, nimeng’ata kanga nisicheke. Akamwambia kuna mwizi anataka kuingia kwenye akaunti yake, mwizi hatari kabisa. Ili azuiwe, asome namba itakayoingia kwenye simu yake sasa hivi. Hapo mimi nikabonyeza “nimesahau namba ya siri”. Binamu, msomi wa chuo kikuu, akatusomea tarakimu sita, moja moja, na mwisho akashukuru.

Sikuona haya wakati ule. Zilikuja baadaye.

Ndani ya gemu binamu hakuwa yule kijana mwembamba mwenye chunusi niliyemjua kwa picha za harusi. Alikuwa jitu lililovaa deraya ya dhahabu, kamanda wa wachezaji wa nchi mbalimbali waliojipanga ngomeni wakimsubiri aamuru vita. Shoga yangu alivaa kwanza. Kuamuru vita hajui, basi akawachezea msewe, ngoma yetu ya Pemba, akikanyaga sakafu ya bibi kwa vishindo. Jeshi likaduwaa. Wengine wakaanza kukanyaga naye. Adui wakapita mlangoni bila hodi, wakaichoma ngome yote.

Bibi akatoka jikoni. “Mnanivunjia nyumba? Hebu leteni hicho, na mie nione.”

Tukamvisha juu ya mtandio. Akageuza kichwa huku na huku, kisha akasema kwa sauti, “Asalaam aleikum!”

Kwenye spika zikajibu sauti tatu nne, kila moja na lafudhi yake: “Waaleikum salaam.” Bibi akaketi vizuri, akaanza kuwauliza hali, wazee wao, na kama wameshakula. Kiswahili hawakukijua, na hilo halikumzuia. Siasa za vyama zilikuwa zimetugawa, na jirani yetu wa kulia alikuwa hatuamkii tangu uchaguzi kwa sababu ya bendera ya chama. Kukuta jeshi zima linaitikia salamu kulimfurahisha mno.

Mara ikaingia sauti nyingine, ya hasira, ikifoka kwa Kiingereza halafu kwa Kiarabu. Wale askari wa binamu walikuwa wamempasha kwamba kamanda amerukwa na akili, naye akaingia kwa akaunti nyingine kumsaka mwizi.

Bibi akainua kichwa. “Sauti hiyo naijua. Wewe si mwana wa mwanangu?”

Binamu akahamia Kiswahili chake cha kuombea maji.

“Bibi?”

“Mie! Mamaako jana kapiga simu analia. Kasema mwezi wa pili huu hukanyagi kwake, ati una mitihani. Mitihani yenyewe ndiyo hii ya kushika mapanga?”

“Bibi, mimi leo pumzika tu…”

“Vua hilo bati ukamwone mamaako!”

Jeshi halikuelewa neno, lakini bibi akigomba hahitaji mkalimani. Walirudi nyuma wote.

Jioni binamu alinipigia. Nilitaka kusingizia kirusi, nikashindwa, nikamwambia kila kitu. Nilitarajia matusi. Aliniambia tu kwamba ngome ile aliijenga miaka miwili, na kwamba katika mji anaosomea hana rafiki. Wale askari ndio watu pekee anaozungumza nao. Hapo ndipo haya ziliponishika, nikakosa pa kuuweka uso.

Alikwenda kwa mama yake wiki ile ile. Kisha akanifungulia akaunti yangu, akanipa adhabu ya kuijenga ngome upya. Kila Ijumaa baada ya sala nilivaa miwani nikabeba mawe yasiyo na uzito mpaka shingo ikakakamaa, yeye kasimama juu ya kifusi ananielekeza. Katikati ya maelekezo ananihadithia chakula kibaya cha bweni, na mwalimu anayemwogopa. Ngome ilituchukua miezi minne.