Mama Mdogo Alivyompatia Paulo Maneno

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu, mwanangu, ni ile mdogo wangu Paulo alipofungua mdomo tena. Tuliishi Gitting, kwenye nyumba ya udongo inayotazama mlima, na mama yetu mzazi alikuwa amefariki wakati wa masika. Paulo alikuwa bado hajafikia umri wa shule. Tangu tuliporudi kutoka makaburini hakusema neno. Alikula, alicheza na ndama, alilala usingizi wake vizuri tu, lakini sauti yake hatukuisikia.

Unajua kwetu ilivyo. Mtoto akipishana na mkubwa bila shikamoo, anayeulizwa ni mzazi. Shangazi yetu alikuwa anakuja kutoka Nangwa, na kabla hata hajaketi anamshika Paulo mabega. "Sema shikamoo. Sema! Ulimi umeuweka wapi?" Paulo anatazama vidole vyake vya miguu. Baba alikuwa anaona aibu mbele ya watu, na ile aibu ikawa inageuka hasira.

Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu, na baada ya mavuno akarudi na mke. Tukaambiwa tumwite Mama Mdogo. Alikuwa Mbarbaig, binti wa wafugaji, mrefu kumpita baba, mikono imejaa bangili. Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, hakukijua hata kidogo, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwa watu waliokuwa wananunua maziwa kwao. Mimi nilikuwa msichana mkubwa kidogo, na nakwambia ukweli, nilimwogopa.

Sasa sikiliza. Katika wiki zile za mwanzo alisimama mlangoni mwa jiko akatuambia, kwa sauti ya mtu mwenye nyumba yake, "Njooni, watoto. Nimepika kuni, sasa nawasha ugali." Nilijizuia, nikashindwa, nikacheka mpaka nikakaa chini. Akauliza amesema nini. Nilipomweleza, badala ya kukasirika alijipiga paja akacheka kuliko mimi. Halafu akatazama kando. Nilifuata macho yake nikamwona Paulo ameuma midomo, mabega yanatikisika. Mtoto alikuwa anacheka.

Haikupita muda Shangazi akaja tena, akaanza na ile "sema, sema" yake. Siku hiyo baba alikuwa ameshachoka. Alitoka akakata fimbo. Mama Mdogo alikuwa anakoboa mahindi. Akaweka mchi chini, akaja kusimama mbele ya Paulo.

"Baba Paulo, weka fimbo," alisema. Kisha akamgeukia Shangazi. "Wifi, nisamehe, mimi ni mgeni hapa. Lakini kila mtu anamwambia huyu mtoto sema, sema. Ameogopa maneno. Mwacheni kwanza ayapende."

Shangazi alikuwa mkubwa kwa umri, na hakuzoea kujibiwa na mke wa kaka yake. Alifunga kanga yake akaondoka bila kunywa chai. Baba alibaki ameshika ile fimbo, hajui aipeleke wapi, mwishowe akaichomeka kwenye boma la ng'ombe.

Kuanzia hapo Mama Mdogo akawa anakosea kila siku. Mwanzoni niliamini anakosea kweli. Aliniambia nimletee kiatu anywee uji. Alisema ng'ombe wamekwenda kanisani na mchungaji amebaki malishoni. Alipovaa sweta la baba alilalamika kwamba suruali inambana shingo. Nilipoanza kumsahihisha alinikonyeza, na hapo nikaelewa. Alikuwa anatunga mwenyewe, mwanamke ambaye Kiswahili kilimpa taabu hata kuomba chumvi kwa jirani. Alikuwa anajifunza neno sahihi ili apate kuliharibu vizuri.

Asubuhi moja, baridi ya kwetu unaijua, alichukua kibuyu cha maziwa akasema, hata hamwangalii mtu, "Ngoja nikamkamue jogoo, leo ametuna sana."

"Jogoo hana maziwa!"

Mwanangu, alikuwa ni Paulo. Nilitaka kupiga kelele nikamwite baba. Mama Mdogo alininyooshea kidole nisithubutu. Akamwuliza Paulo kwa utaratibu, kama watu wanaozungumza kila siku, "Kumbe? Basi nani anayo?"

"Ng'ombe," alisema Paulo. "Na mbuzi. Jogoo hana hata chuchu."

"Asante kunifundisha," alisema, akaenda zizini. Nilimfuata. Nilimkuta ameegemea ubavu wa ng'ombe, bado hajakamua, analia kimya kimya huku anafuta machozi kwa bega lake. Nikamshika mkono. Hiyo ndiyo siku niliyomwita Mama bila kuambiwa.

Jioni baba aliporudi kutoka shamba letu la nyumbani, Paulo alikwenda kumpokea jembe. "Shikamoo, Baba." Baba aliitikia marahaba, akaitikia tena, akaketi palepale kwenye majani. Hatukumwona akilia siku ya msiba. Siku ile tulimwona.

Nyumba yetu ikawa nyumba ya maneno. Tukipukuchua maharage, mmoja anasema "maji", mwingine anaanza na mwisho wake, "jiwe", mwingine "wembe", mwingine "mbegu", mpaka mtu akwame, na aliyekwama anaimba. Tulishindana kusema haraka haraka, "Kondoo wa Kondo kakonda kondeni," na Mama Mdogo alikuwa anakwama kila mara, nasi tukabingirika kando ya sinia kwa kicheko. Kuna siku Paulo alitega kitendawili chake mwenyewe: "Asubuhi amejifunika blanketi jeupe, mchana yuko kifua wazi." Tulikisia mpaka tukampa mji. Kumbe ni mlima wetu, Hanang, na ukungu wake! Tulikuwa tunauangalia kila siku, na mtoto yule ndiye aliyeuona.

Leo Paulo ni mzee mwenzangu. Alifanya kazi ya kunadi ng'ombe mnadani Katesh kwa miaka mingi, na watu walikuwa wanakuja kumsikiliza hata kama hawana mpango wa kununua. Shangazi naye alirudi, usidhani alinuna milele. Alikuja na kikapu cha viazi, akamwomba Mama Mdogo amwambie ile ya jogoo. Mama Mdogo tulimzika uzeeni, na kila ninapomsikia mdogo wangu akiwachekesha wajukuu, namshukuru Mungu kwamba alitupa mama mara mbili.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe uliye na mtoto nyumbani, nakuomba hivi. Usimkalishe tu na simu imwongeleshe badala yako. Cheza naye maneno, ukiwa unachambua mboga, ukiwa unamwogesha, mkiwa njiani kwenda kanisani au mnadani. Mtegee vitendawili, na ukiishiwa, tunga. Vya kutunga ni vitamu zaidi. Akikosea, cheka pamoja naye, usimcheke yeye. Na wewe pia kosea makusudi, umpe nafasi ya kuwa mwalimu wako, maana mtoto aliyewahi kumfundisha mkubwa neno moja hataogopa kuuliza la pili. Mpe Kiswahili, mpe na lugha ya bibi yake, zote zina michezo. Na akiwa mzito wa kusema, usimkaripie. Kaa karibu naye, zungumza upuuzi wenye upendo, subiri.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na wanao. Awape masikio ya kusikilizana na vinywa vyepesi kwa jambo jema, na kila jioni jirani anayepita nje ya boma lenu asikie kicheko kinatoka jikoni.