Siku Prof Malachie Alipochekesha Darasa

Prof Malachie alizaliwa Kananga, serikali ikamtuma Butembo kufundisha fizikia, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyemshinda kwa utani. Wanafunzi walimpenda kwa hilo. Mtu anayechekesha darasa la watu hamsini saa saba mchana, njaa inauma, utamchukia vipi?

Basi, Jumanne moja Bénie alisimama kutoa exposé yake, mada aliyoiandaa. Bénie ni binti wa Eringeti. Yeye na mama yake walikimbia vita, baba akabaki kuangalia shamba la kakao, na hadi leo hawajapata habari zake. Akaeleza jinsi wataalamu wanavyochunguza nuru ya nyota iliyopita katika hewa ya sayari ya mbali, na kutambua hewa ile ina nini, na kama huenda kuna kitu kinachoishi kule.

"Ngoja, Bénie," Malachie akamkata. "Kwenu Eringeti batu banakimbia, weye unatafuta benyewe ba kule juu? Baulize basi kama bako na nafasi ya bakimbizi!"

Darasa likaangua kicheko. Bénie akafuta ubao polepole, akaketi. Kesho yake hakuja. Wiki ikapita. Orodha ya mtihani wa taifa ilikuwa ifungwe Ijumaa, na Bénie hajatia sahihi.

Alhamisi Malachie akapanda kilima hadi kwao. Mama Emérence, mamake Bénie, alikuwa amepiga magoti kando ya shimo alimofukia ndizi za kasiksi, ile pombe ya ndizi. Alimpokea kwa furaha.

"Prof wetu! Bénie hapana maliza siku bila kutaja jina yako. Ni kichwa tu inamuuma, atarudia."

Kumbe binti hakumshtaki kwa mama! Malachie akakosa pa kuweka uso. Akauliza tu kama ndizi zimeiva. Mama akainama, akanusa mvuke uliopenya kwenye majani yaliyofunika shimo.

"Bado siku mbili."

"Umejua aje, na haujafunua?"

"Eh, Prof! Nikifunua zinaharibika. Harufu ndiyo inaniambia."

Hicho ndicho Bénie alichokuwa akieleza, kujua kilichomo bila kukifikia, naye mwalimu wa fizikia hakusikiliza. Akamwambia mama yote, hata lile neno la wakimbizi. Mama Emérence hakutukana. Aliondoa tu kikombe alichokuwa amemwekea mgeni, akaita, "Bénie, kuya."

Bénie akasimama mlangoni. "Prof, kwani weye unaona ile ya nyota ni kazi ya bure?"

"Sijui, binti yangu. Sikujiuliza."

"Mimi pia sijue. Lakini nyumba balituchomea. Na kuuliza pia batunyanganye?"

"Nisamehe. Rudi."

"Ulinicheka mbele ya batu bote, Prof. Hapa iko mama tu."

Ijumaa asubuhi Malachie alisimama mbele ya darasa, akasema kosa lake bila utani wowote. Alitamani wacheke, ingekuwa nafuu. Kambere, mwanafunzi aliyecheka kuliko wote siku ile, alikuwa akitazama viatu vyake. Bénie, aliyekuwa ameketi nyuma, akaja mbele, akatia sahihi kwenye orodha, akaomba chaki, akaanza exposé yake upya.

Malachie akaketi benchi la kwanza, akafungua daftari. Kila alipojaribu kumtazama Bénie usoni, macho yalirudi chini yenyewe. Basi akaandika alichosikia.