Siku tuliyounganisha teleksi Mafinga na Dar wakatujibu

Wakuu, kamwene.

Naona vijana humu mnalia terminal imegoma kuconnect na server. Poleni. Ngoja mzee mwenzenu niwape yangu, na chumvi siongezi maana imekolea yenyewe.

Miaka ya sabini nilikuwa operator wa teleksi. Kwa msioijua: mashine kama taipureta, unachapa huku, maneno yanatokea kwenye karatasi Dar. Yanapita kwenye waya kama simu.

Mimi mtu wa Mbeya, nikapelekwa kiwanda kimoja cha mbao Mafinga kufunga mashine mpya. Nikakuta msumeno mkubwa umekufa beringi, spea iko makao makuu Dar. Meneja keshawaambia wafanyakazi: ikichelewa, wote nyumbani.

Kabla ya hapo, ujumbe wote wa Dar ulipelekwa na dereva wa lori, Mzee Kalinga. Meneja akamwambia mbele yetu, "Mzee, mashine ikishika, safari zako za Dar basi."

"Haya, bosi." Mzee akarudi kwenye lori lake.

Nikafunga mashine, nikaset kitambulisho chake, yaani jina lake la kwenye waya, nikaita Dar. Zikaja herufi za ovyo tu. Nikarudia. Uchafu uleule.

Tukaufuata waya kwa miguu. Nyuma ya kiwanda, mpaini mbichi umeulalia, umelowa mvua.

Yaani wakuu, kiwanda cha mbao kimezibwa mdomo na mti, na msumeno mbovu!

Mzee Kalinga akatoa shoka kwenye lori. Nikamwambia, "Baba, si ndo unakata safari zako?"

Akasema, "Na hawa wenzangu wakirudishwa nyumbani, watoto wao watakula nini? Sogea huko."

Akaukata. Nilimwonea huruma, sikujua niangalie wapi.

Nikaita tena. Kitambulisho cha Dar kikajichapa, safi kabisa. Ofisi nzima makofi! Meneja akanitajia mwenyewe cha kuchapa: TUMENI BERINGI HARAKA.

Tukasubiri. Mashine ikaanza kugonga. Nikasoma kwa sauti:

UJUMBE UMEPOKELEWA. TELEKSI SI HATI RASMI. LETENI BARUA YENYE MUHURI KWA MKONO.

Wote tukamgeukia meneja.

Meneja akakohoa. "Mzee Kalinga, lori lina mafuta?"

"Limejaa, bosi. Tangu asubuhi."

Akaenda na barua, akarudi na beringi. Msumeno ukanguruma, hakufukuzwa mtu. Dar yake akaendelea nayo mpaka anastaafu.

Na mimi mtaalamu? Kazi yangu kubwa ikawa kuchapa: DEREVA AMEONDOKA.

Nilichojifunza: kuunganisha mashine mbili ni kazi nyepesi. Kazi ni mtu wa upande wa pili akubali kwamba kilichomfikia kimemfikia.

Msinicheke sana. Juzi nimetuma fomu kwa email, nikajibiwa "mzee, print, saini, ulete ofisini."

Haya, nani mwingine ofisi yao iko hivi? Semeni, nipo nasoma.