Chatu wa Oicha na baridi ya Butembo

Dereva wa lori la mihogo alishuka mbele ya meza yangu sokoni, akaniambia bila hata kukaa: "Mama, yule muzee wako wa nyoka amekufa. Kule Beni, Bungulu. Bamemuzika jana." Nilimaliza kumpimia mteja maharage yake, kisha nikafunga meza. Wengi wenu hapa Butembo mlimjua kwa macho. Ni yule mrefu, wa koti la mvua hata jua likiwaka, aliyepasua kuni kwenye bulanjeri, pale wanapooka mikate, na kurudi kila asubuhi na tofali mbili za moto ndani ya gunia mgongoni. Mlisema ni mchawi. Mimi alikaa uani kwangu, kwa hiyo nitasema nilichokiona, na anayenisoma siku zote anajua sipambi maneno.

Alifika wakati askari wa kundi moja walikuwa wanafukuza wa kundi lingine kule Oicha, na watu wakapanda huku juu na magodoro kichwani. Kwetu ukikimbiliwa na mtu unampa jiko, ile nyumba ndogo ya nyuma, kwa sababu ina paa na moto. Nikampa. Alikuwa na sufuria moja, blanketi moja, na gunia lililokuwa linajikunja lenyewe. "Ni kuku, muzee?" nikamuuliza. "Hapana, mama. Ni chatu. Ni ya bibi yangu." Bibi huyo, yaani mke wake, alimwokota shambani akiwa mdogo kama mkanda wa suruali, akamfuga ndani ya ghala ya kahawa ili ale panya. Mume alimwogopa mpaka hakuingia tena ghalani. Kila jioni ni ugomvi, "Chagua, mimi ao ile nyoka," na mke anacheka tu. Halafu vita ikapita, na mke akapigwa risasi akiwa anachimba mihogo. Mume alirudi akakuta nyumba imebebwa yote, hata milango. Mule ghalani tu ndimo mlimobaki kitu chenye kupumua. Donc, basi, alikichukua. Nilimwambia amtafutie sanduku lenye kufunga vizuri, maana nina wajukuu wadogo, na neno hilo silirudishi mpaka leo.

Waliopanda naye lori walinihadithia ya njiani. Kwenye bariyeri askari aliyekuwa anapekua mizigo alishika lile gunia. "Fungola!" Mzee akamjibu pole pole: "Chef, nitafungua, mais wewe simama mbali." Askari akadhani anafichwa dhahabu, akafungua mwenyewe. "Mama na ngai!" Alikimbia, akaacha hata kofia, wenzake wakamfuata bila kujua wanakimbia nini, na lori likapita pasipo mtu kuvuliwa hata kiatu. Mama mmoja aliyekuwamo aliniambia: "Siku ile tulimupigia makofi. Tulipofika hapa, njo tulianza kumuita mulozi." Ndivyo tulivyo.

Sasa, chatu ni mnyama wa joto. Oicha anaota jua, lakini hapa kwetu ukungu unakaa mpaka saa nne za asubuhi. Hakumaliza mwezi kabla ya kuugua. Alianza kuinua kichwa na kufungua kinywa, pumzi inapiga filimbi, povu linatoka puani. Mzee alifanya tunachofanya wote kwa kidonda cha mtoto, alipasua kidonge cha tetra, akakoroga unga na maji, akamdondoshea kinywani kwa bomba la sindano. Chatu akapona. Mvua ikarudi, ugonjwa nao ukarudi, na safari hii ufizi ulitoa usaha. Akamsafisha kwa maji ya chumvi na pamba juu ya kijiti, kila asubuhi. Akapona tena. Kisha ukafika wakati wa kujivua ngozi, na ngozi ikakataa. Ilitoka vipande vipande, nyingine ikabaki imeganda juu ya macho, mnyama akawa kipofu, anagonga ukuta. Mzee alimlaza katika beseni yangu ya kufulia, ndani ya maji ya uvuguvugu, akawa anamsugua macho kwa kitambaa cha kikwembe kilicholowa, polepole sana, huku anamwambia maneno ya Kinande ambayo mtu humwambia mtoto wakati wa kuoga. Beseni ile nilimwachia. Sikuitaka tena.

Na zile tofali mlizomcheka zilikuwa za kuweka chini ya sanduku, ili chatu apate joto. Jirani yangu aliniita juu ya ua, kwa neno la kuitia nyanya: "Koko, sasa unafuga nyoka? Mwaka ujao utafuga mamba!" Nikamwambia mamba nitamfundisha aanze na yeye.

Siku moja daktari wa mifugo alikuja kudunga mbuzi za jirani huyohuyo, mzee akamvuta mkono mpaka jikoni. Yule bwana alicheka alipofunuliwa sanduku. Kisha akasikia ile pumzi, akaacha kucheka. "Muzee, mimi ni wa mbuzi na ng'ombe. Huyu hapana somo nilisoma. Mais kifua ni kifua." Akamdunga sindano ya mbuzi, kidogo, mgongoni, mimi na mzee tumemshika. Alipokuwa ananawa mikono akasema: "Atapona. Halafu atarudia. Dawa inamuponyesha na baridi inamugonjesha, utafanya hivi mpaka lini? Umushushe chini kwenye joto, ama umuchimbie shimo hapa."

Chini ni Beni, na Beni wakati huo watu walikuwa wanaikimbia. Nilimkuta mzee anafunga gunia lake, nikamkemea kama ninavyokemea watoto wangu. "Batu banapanda, wewe unashuka? Sababu ya nyoka tu?" Alikaza kamba kwanza. Ndipo akasema: "Mama, bibi yangu alianguka mbali na mimi. Sikufika. Huyu niko karibu naye, naona vile anavuta pumzi, na ninajua dawa yake ni wapi. Nibaki hapa namuangalia tu?" Nilimfungia ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akasema wasingya, yaani asante, akaenda kutafuta lori.

Nimefikiri sana tangu dereva yule aniletee habari. Vita hii yetu ni ya kurudi. Inaondoka, tunapaka nyumba chokaa, inarudi. Mara ya kwanza watu wa Kanyabayonga na wa Oicha walipotukimbilia, makanisa yote, ya Kiprotestanti na ya Kikatoliki, yalijaza maharage mpaka milangoni. Mama wa Butembo walivua vikwembe walivyovaa wakatoa. Mara ya pili tulitoa vilivyochakaa. Mara ya tatu tulisema, "Hawa tena?" Si kwamba mara ya tatu njaa ilikuwa ndogo. Sisi ndio tulikuwa tumechoka kutazama. Ugonjwa nao ni vilevile. Homa ya kwanza, nyumba inajaa wageni. Ikirudi mara ya nne watu wanasema "amezoea", kama vile kuna mwili unaozoea kufa.

Nilishuka Bungulu kukaa kwenye matanga. Mama wa nyumba ya jirani na mzee alinisimulia, akiwa anachambua maharage na hanitazami. Homa ya mzee ilikuwa ya kwenda na kurudi. Mwanzoni walimpelekea maji na kuni. Baadaye walikuwa wanasimama uani. "Tunaita, 'Muzee, uko?' Anajibu, 'Niko.' Tunaenda shamba. Siku ingine tuliita, hakujibu." Nikamwuliza, kwa nini hamkuingia? "Mama, tuliogopa nyoka." Nyoka alikuwa wapi? "Ndani ya sanduku." Akaendelea kuchambua. Mwisho akasema, sauti chini: "Na tulizoea. Alikuwa anapona kila mara."

Chatu vijana walimkatakata kwa mapanga siku ileile ya mazishi, wakamtupa nyuma ya choo. Nilikwenda kumtazama. Watu walinishangaa, mimi mwanamke wa kanisa, nimeinama juu ya kichwa cha nyoka. Kinywa kilikuwa safi, ufizi hauna kidonda, pua kavu. Ndani ya nyumba, juu ya kitanda, mzee alikuwa ametundika ngozi aliyojivua chatu wake. Ilikuwa nzima, kipande kimoja kutoka pua mpaka mkia, na mahali pa macho palikuwa pametoka vizuri, kama vioo viwili vidogo. Alikuwa amemponya. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Wasomaji wangu, kwetu mgonjwa hasalimiwi kutoka uani. Wazazi wetu waliingia, wakakaa kitandani, wakamshika mguu wajue kama una moto. Tuliacha lini? Wewe una mtu wako ambaye anaugua, anapona, anaugua tena, mpaka umeacha kuuliza. Ukisimama nje atakujibu "Niko", kwa sababu ana heshima. Usiende shamba kwa jibu hilo. Sukuma mlango.