Kesi ya Viungo vya Shuwa

Mwanangu, nakuita hivyo kwa kuwa dada yangu ndiye aliyekuzaa. Mvi mie bado sina. Nakumbuka siku moja Idi iko mlangoni, nyumbani kwetu, mtaa wa Azaiba. Nassor, mtoto wa ami yangu, alikuja kututembelea kutoka Kanada. Kule alikuwa wakili, na ndiyo kwanza ameshindwa uchaguzi wa bunge.

Shangazi zetu, Rahma na Zuwena, wakagombania nani apake viungo nyama ya shuwa, ile ya kuzikwa shimoni juu ya makaa. Nassor akajitia hakimu.

"Shangazi Rahma, mwaka jana nyama ilitoka kali. Kweli si kweli?"

"Siki ilizidi kidogo, baba."

"Jibu ndiyo au hapana."

Tukacheka. Ushindi akampa Zuwena. Shangazi Rahma akavaa baibui lake, akarudi kijijini kwake Yiti, akasema Idi hii asisubiriwe.

Bibi yetu hakupandisha sauti. "Nassor, mahakamani ukishinda, mwenzio huenda kwake nawe kwako, khalas. Huyu ulikuwa ule naye sinia moja. Nawe unataka watu wakupe nchi?"

Nassor akachukua ufunguo wa gari. Tukapanda gari, mie na yeye, mpaka Yiti. Njia nzima anapanga hoja. Nikamwambia, "Hizo ziache garini."

Tulipofika, Nassor akakaa mkekani, akamuuliza shangazi viungo vyake kafunzwa na nani.

"Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Kila Idi nikivipaka, namwona."

Nassor akainamisha kichwa. "Nilikuuliza mengi, shangazi. Hili sikukuuliza. Nisamehe."

Tukarudi naye. Zuwena alipomwona akasogea kidogo. "Chukua paja, dada. Bega niachie miye."

Nassor alikwenda zake, akagombea tena, akashinda. Leo anaongoza chama kizima cha taifa. Siku waliyomchagua kukiongoza alinipigia simu, nikamuuliza sherehe imenoga vipi.

"Sijafika bado," akasema. "Napita kwanza kwa niliyemshinda."

Basi wewe unayetaka uwakili, na mama'ko humwachii neno la mwisho, shika hili. Hoja jifunze, tena sana. Mie skuli sikufika mbali, nnatamani ufike. Lakini ukimshinda mtu usimwache pale alipoangukia. Mfuate, umuulize lile ambalo hukumuuliza, kisha unyamaze umsikie.

Mungu akupe ulimi wenye nuru na masikio yenye subira, akufikishe mbali kuliko ndoto zangu, nami kwa ndoto si bahili. Amin.