Mguu Uliotoboa Paa Letu

Anayesema nimetunga, aje kwetu Endagikot nimwonyeshe tundu. Lipo mpaka leo, juu ya mafiga. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Shuleni mwalimu akiniuliza jina, navijibu viatu vyake. Ndiyo maana naandika. Lakini siongopi, na bibi alikuwepo.

Kwanza uijue nyumba yetu. Wazee walichimba ndani ya kilima ili Wamasai waliokuja kuteka mifugo wasione nyumba wala ng'ombe. Paa ni miti na udongo, limeota majani, limelingana na kilima chenyewe. Mgeni anaweza kupita juu ya vichwa vyetu asijue kuna watu wanakula.

Likizo ile nilimkuta mdogo wangu Bura anakohoa. Si kikohozi cha mafua. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, na chakula hakitaki. Zahanati ya misheni iko mbali, mgonjwa ni wa kubebwa na watu wengi, na baba hakutaka jirani yeyote ajue kwamba kifo kimerudi kwetu. Alikwisha kuzika watoto wengine, akaona sasa ni zamu ya huyu. Alianza hata kusema, Bura alikuwa mtoto mwenye akili, naye Bura amelala palepale anamsikia.

Mama aliendelea kusali kila jioni. Baba, ambaye ndiye aliyetupeleka kubatizwa, alikuwa ameacha. Jioni ile mama alipopiga magoti karibu na chungu cha maharage, baba akamwambia, "Unajichosha. Mungu akitazama huku anaona majani tu. Anadhani ni kilima."

Bibi alicheka. Hata Bura alicheka, kisha akakohoa vibaya. Mama hakucheka. Akasema kwa hasira kabisa, macho yamefumbwa, "Bwana, kama huioni nyumba yetu, ikanyage."

Niamini, amina ilikuwa haijatoka. Miti ya paa ikalia, udongo ukamwagika, na mguu ukaingia ndani. Mguu wa mtu mzee, mpaka juu ya goti, ukaning'inia juu ya maharage. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, mguu umepita kwenye tope la paa letu, na ulikuwa mkavu, unyayo hauna hata doa. Nani atanieleza hilo?

Unadhani tulipiga kelele? Tulitazama tu. Bibi, ambaye hawezi kuvumilia mtoto asiye na adabu, alinifinya akaninong'oneza nimsalimie mgeni. Basi mimi, nisiyeweza kumsalimia mwalimu, nikausalimu mguu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu," sauti ikajibu huko juu, taratibu, kama ya mtu aliyekaa vizuri. "Kumbe kuna watu humu. Na kwa moshi wote huu, huyo mtoto atapumua nini?"

Mguu ukajivuta polepole, ukaondoka.

Tulikimbia nje tukapanda juu ya paa. Hapakuwa na mtu. Kwenye tope kulikuwa na alama za kwato za ndama wetu, basi. Mwalimu wa sayansi aliniambia baadaye kwamba aliyetoboa paa ni ndama tu. Sikumjibu, nina haya. Lakini ndama haitikii marahaba.

Wakati huo moshi ulikuwa unapanda kupitia lile tundu, mnene, umesimama wima. Ng'ambo ya bonde watu wakaona kilima kinafuka moshi. Wakaja mbio na vibuyu vya maji, na wa kwanza kufika alimwaga chake tunduni bila kuuliza. Bibi alikuwa amebaki chini na Bura. Alilowa chapachapa. Maneno aliyosema si ya Kikristo, ila yeye hajabatizwa, kwa hiyo tuliyasamehe.

Waliposhuka kumpa pole ndipo walipomwona Bura. Jirani yetu mzee Qamara, kibuyu kitupu mkononi, akamgeukia baba.

"Una mgonjwa namna hii unatuficha? Kwani sisi ni Wamasai?"

Baba akalia. Walifunga ngozi ya ng'ombe kwenye miti miwili, wakambeba Bura saa ileile, wakipokezana njia nzima. Mama alitangulia akiimba wimbo wa kanisani, na baba nyuma akaitikia. Sauti ya baba ni ya punda, lakini aliitikia mpaka zahanati.

Sasa Bura anachunga, na ni mwizi wa maziwa. Baba hajaziba tundu. Mvua ikinyesha analifunika kwa jiwe bapa, ikikatika anapanda kuliondoa, na jioni kabla ya sala anatazama juu anasema shikamoo. Hajajibiwa tena. Anasema haidhuru, aliyeko juu sasa anapajua kwetu.

Nawe unayesoma, ukifika mahali pa kusema kwamba Mungu haoni kwenu, angalia sana, maana anasikia. Na ukimwomba aje, omba bila woga, hata kwa hasira kama mama. Ila sogeza kwanza chungu.