Mama Mkwe na Pipa la Mwaloni

Mume wangu alianza kupika pombe majira ya baridi, miaka miwili baada ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Wakati huo tulikuwa tunapanga Sydenham, Durban, vyumba viwili vya uani. Yeye ni Mrundi, mimi ni Mkongomani wa Uvira. Alifanya kazi eneo la Jacobs, kwenye karakana ya samani, na mimi nilikuwa nauza simu na vocha katika duka moja mjini. Kanisani kwangu pombe ni marufuku. Kwake, yeye akiwa Mkatoliki, si marufuku. Jambo hilo tulilimaliza kabla ya ndoa: yeye anakunywa, mimi sinywi, na hakuna anayemhubiria mwenzake.

Aliyemfundisha ni fundi mkuu wa pale karakana, mzee wa Kihindi ambaye wote walimwita Anko, kama wazee wa Kihindi wanavyoitwa Durban. Anko alikuwa anapika bia nyumbani kwake kwa kujifurahisha tu. Mgongo ulipomshinda kunyanyua masufuria, alimpa mume wangu vyombo vyake vyote, pamoja na pipa dogo la mti wa mwaloni lililowahi kuwekwa brandi. Mume wangu alilileta nyumbani kwa teksi, yale mabasi madogo ya Durban, amelipakata kama mtoto. Abiria mmoja akamwuliza kama ni ngoma.

Alipika Jumamosi moja kutwa nzima. Kimea cha shayiri alikuwa amekinunua tayari, kingine cha kawaida na kingine kimekaangwa mpaka kikawa cheusi kama kahawa. Alikiloweka katika maji ya moto, akakichuja, akapata togwa jeusi tamu linalonata vidoleni. Akalichemsha na yale maua machungu yanayoitwa hopsi. Likapoa, akalitia hamira, akalifunika ndani ya ndoo iliyokuwa na kimrija cha kutolea hewa. Ndoo ikawekwa bafuni kwa sababu ndiko kulikokuwa na ubaridi. Kwa muda wa wiki kadhaa tulioga huku ndoo inacheua pembeni yetu. Machicha nilimpa mama mwenye nyumba kwa ajili ya kuku wake, na kuku wakayapenda.

Ilipotulia, aliihamishia kwenye pipa. Pipa likawekwa sebuleni, juu ya kibago alichokiunda mwenyewe. Nikalifunika kwa kitenge changu cha zamani ili wageni wa kanisani wasiulize. Anko alikuwa amesema bia nyeusi kali ya namna hiyo inataka mwaka mzima ndani ya mti.

Mama mkwe alifika mwezi wa kumi, kututembelea. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa amepika pombe ya mtama tangu usichana wake, halafu akauza ya ndizi sokoni Bujumbura kwa miaka mingi, na huko sokoni ndiko alikopata Kiswahili chake. Hakuipenda bahari. Tulimpeleka mara moja, akaitazama, akasema ina kelele, akaomba turudi. Alichokipenda ni tamthilia za Kizulu kwenye televisheni. Hakuelewa hata neno moja, lakini alijua nani mbaya na nani mwema, na mara nyingi alikuwa sahihi.

Siku ya kwanza alifunua kitenge, akaliona pipa.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, Mama," mume wangu akajibu. "Ni pombe. Inakomaa."

"Inakomaa mpaka lini?"

"Mwaka."

"Mwaka!" Akanigeukia mimi. "Sisi pombe ikilala siku nne, majirani wanaanza kuuliza mwenye nyumba amewakosea nini. Hii ni pombe ya mtu asiye na majirani."

Mume wangu akacheka. Tulimtandikia kitanda palepale sebuleni, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Kila asubuhi akiamka alikuwa analigonga pipa kwa vidole mara mbili, anasikiliza, kisha anakunja blanketi lake. Sikumwuliza kwa nini. Nadhani ilikuwa salamu ya mpishi kwa kazi ya mpishi mwingine.

Joto la Februari la Durban linajulikana. Jumapili moja baada ya misa, mume wangu aliamua kuonja maendeleo. Aling'oa kizibo, akaingiza kijiti kisafi, akakitoa. Sehemu iliyolowa ilikuwa fupi kuliko alivyotegemea. Akaingiza tena. Pipa lilikuwa limepungua karibu upana wa kiganja.

"Iko imepungua," akaniambia jikoni, kwa sauti ya chini.

"Inavuja?"

"Chini kukavu kabisa."

Akanitazama kidogo tu. Mimi sinywi, na yeye anajua. Mle ndani tulikuwa watu watatu, kwa hiyo shaka yake ilibaki na mahali pamoja pa kwenda. Nilimwambia asiseme kitu mpaka amwulize Anko. Akaitikia kwa kichwa.

Mezani kulikuwa na ugali na mboga ya lengalenga. Mama mkwe alikuwa anasimulia jambo kuhusu kuku wa mama mwenye nyumba. Mume wangu hakuwa anasikiliza. Alimkatiza.

"Mama, kama ulikuwa na kiu, ungesema tu. Ningekununulia."

Mkono wa Mama ukasimama juu ya bakuli.

"Kiu ya nini?"

"Pipa limepungua."

"Unasema mimi nimeiba pombe yako?"

"Sijasema umeiba."

"Sema basi umesema nini."

Mama akarudisha tonge lake kwenye sahani, akavuta beseni, akanawa mikono na chakula bado kipo mbele yake. Kwao hilo ni neno zito kuliko tusi.

"Nimepika pombe tangu sijamjua baba yako," akasema. "Mpishi wa pombe haonji gizani. Anaonja wa kwanza, mbele ya watu, ili waone haina sumu. Wewe nani alikufundisha kwamba mama yako anakunywa kwa kujificha?"

Kuanzia hapo hakumsemesha tena. Walikaa kochi moja, na maneno yote yakapitia kwangu. "Mwambie bwana yako maji yamechemka." "Mwambie bwana yako amekalia miwani yangu." Mume wangu naye akawa anajibu kupitia kwangu, kwa sababu kumsemesha bila kujibiwa kulimtia aibu. Baada ya siku mbili hivi nilichoka, nikawaambia kila mmoja aseme na ukuta. Siku iliyofuata nilirudi kutoka dukani nikakuta kitanda kimetandikwa vizuri na begi lake halipo.

Alikuwa amekwenda Berea, kwa mzee mmoja Mrundi aliyeishi na mkewe kwenye fleti. Walikuwa watu wa parokia moja na mume wangu. Alipanda teksi peke yake bila Kiingereza wala Kizulu. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa anasema tu "Berea, Berea", na watu wakampeleka. Mzee akatupigia simu kutujulisha kwamba yuko salama. Hakuongeza neno, lakini mume wangu alielewa. Mama akiondoka nyumbani kwa mwanawe na kwenda kulala kwa watu, habari haibaki kwa hao watu.

Kesho yake kazini mume wangu alimweleza Anko habari yote. Jioni alirudi, akakaa kwenye kiti cha mlangoni bila kuvua viatu.

"Anko amecheka," akasema.

"Amecheka nini?"

"Anasema mti unakunywa. Joto likizidi, pipa linanyonya, nyingine inatoka kama mvuke. Kila pipa liko hivyo. Anasema aliniambia tangu mwanzo, kila mwezi nifanye *top up*."

Nilianza kuelewa kabla hajamaliza. Mwanzoni kabisa, alipopewa pipa, alirudi akaniambia yule mzee ana tabia ya ajabu, anataka *top up* kila mwezi. Kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja tu, nami nilikuwa naliuza dukani kutwa. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mume wangu alichukua vocha kwangu, akamtumia Anko salio la simu. Anko alipokea, akadhani ni shukrani ya mwanafunzi, akafurahi. Kumbe alikuwa amemaanisha kuongeza bia kwenye pipa ili lisibaki na hewa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mume wangu hakucheka. Aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu polepole.

"Nimemwita mama yangu mwizi," akasema.

Alimpigia simu yule mzee wa Berea. Mzee alimsikiliza, kisha akamkumbusha jambo ambalo Mrundi hahitaji kukumbushwa: mama harudishwi kwa mdomo mtupu. Pombe lazima iwepo, na watu wa kushuhudia. Mume wangu akasema atanunua kreti mbili za bia dukani, tena nzuri. Mzee akaiacha simu kidogo, akaenda kumwuliza Mama. Akarudi.

"Mama anasema hataki ya dukani. Anataka ileile unayosema ameiba."

Mwaka ulikuwa haujafika. Mume wangu aliliangalia pipa, akaliangalia tena. Nilimwambia kwamba hilo ni la kwake kuamua, na nilimaanisha hivyo. Jumapili iliyofuata alijaza bidoni, dumu la plastiki.

Tulikwenda watu watatu, kwa sababu Anko aliposikia alisisitiza kuja. Alisema atakuwa shahidi upande wa mti. Alitupakia kwenye gari lake, na bidoni niliishika mimi miguuni, mimi nisiyekunywa, nikiwa nimevaa nguo za ibada.

Mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni kwa mzee, karibu na televisheni. Hakusimama. Anko alizungumza kwanza, kwa Kiingereza, na mimi nikatafsiri. Alieleza kwamba mbao za pipa zina vitundu visivyoonekana kwa macho, kwamba joto la Durban linaivuta bia nje, na kwamba kosa ni la kijana ambaye hakuongeza. Habari za salio la simu hakuzitaja. Nilishukuru.

"Ni mti gani?" mama akaniuliza.

"Mwaloni, Mama."

"Ule wa kwenye Biblia? Abrahamu alikaa kwenye mialoni?"

"Huohuo."

Akafikiri. "Nilijua mti huo una kivuli. Sikujua una koo."

Mke wa mzee akacheka, akafunika mdomo haraka. Mume wangu akapiga magoti. Alimimina kwenye kikombe, akaonja kwanza yeye, kisha akamkabidhi mama yake kwa mikono miwili.

"Mama, nimekukosea. Nilisema neno ambalo sikulijua. Naomba unisamehe."

Mama alipokea. Alinusa kwanza, muda mrefu, kama mtu anayekagua. Akanywa. Uso wake ukajikunja.

"Inachoma kama dawa ya kifua," akasema. Akanywa tena. "Lakini umeipika vizuri. Haijaungua. Mtama ungeungua." Halafu, bila kubadili sauti, "Imekwisha, mwanangu. Inuka, suruali inachafuka."

Kikombe kikazunguka. Desturi yao ni kwamba kila shahidi anakunywa. Anayekataa anakuwa kama anayesema ugomvi haujaisha. Kilipofika kwangu watu wote walijua kanisa langu, wakanitazama. Nilikunywa funda moja. Ilikuwa nzito na vuguvugu, chungu kama kahawa iliyosahauliwa motoni, kisha ukaja utamu wa mbali wenye harufu ya mbao na brandi. Nilimpa Anko kikombe. Sikuona haja ya kumweleza mchungaji, na hakuuliza.

Tulidhani tutarudi naye siku hiyo. Alikataa. Alisema amesamehe, ila televisheni ya mzee ni kubwa na kuna tamthilia iko karibu na mwisho. Alirudi Jumatano, akakunjua blanketi lake sebuleni.

Pipa likiwa nusu, Anko alisema bia itageuka siki isipotolewa. Mume wangu aliitia kwenye chupa wiki hiyohiyo, zaidi ya miezi minne kabla ya wakati wake. Nyingi tuligawa: parokiani, karakanani, kwa mama mwenye nyumba. Wengine walisema ni kali mno. Jirani mmoja alirudi na chupa tupu, akasimama mlangoni bila kusema alichofuata.

Mama mkwe aliondoka baada ya Pasaka, na chupa mbili amezifunga ndani ya vitenge. Alipofika alipiga simu. Moja ilikuwa imepasuka njiani na kulowesha nguo zake zote. Nyingine aliigawa kwa wanawake wa mtaani kwake, kila mmoja kidogo, kwa kijiko.

"Waliniuliza nani amepika," akasema.

"Ukawaambia nini?" mume wangu akauliza.

"Nikawaambia mimi."

Mume wangu akamwambia ni sawa, akamwuliza kama mvua imenyesha huko.